Si Kila Homa ni Meno: Mtoto Anapoota Magego

Miongoni mwa kauli zinazotuliza nyoyo za wazazi, hakuna inayofanya kazi haraka kama hii: "Anaota meno huyo." Bibi huitamka, jirani huikariri, na muuzaji wa duka la dawa huithibitisha kabla hajamtazama mtoto. Mama aliyekuwa na wasiwasi tangu alfajiri hushusha pumzi. Mtoto ana joto, amekataa uji, ameharisha mara nne tangu asubuhi, lakini sasa jambo limepata jina, na jina hilo halitishi. Kila mtoto huota meno, na meno yakishatoka usumbufu huisha. Basi kilichobaki ni kusubiri.

Makala hii inahusu magego, yale meno mapana ya nyuma, kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo yanayomsumbua mtoto kuliko meno mengine. Pili, ndiyo yanayosingiziwa maradhi ambayo hayakuyaleta, na mtoto akacheleweshwa kufika kwa tabibu. Mtoto ni amana, na sehemu ya kuitunza amana hiyo ni kujua jino linaweza kufanya nini na haliwezi kufanya nini.

Yanatoka lini, na kwa nini yanauma

Meno ya utoto ni 20: manane ya mbele, chonge nne, na magego manane, manne juu na manne chini. Magego ya kwanza kwa kawaida huchomoza kati ya mwezi wa 13 na wa 19. Chonge hufuata, na magego ya pili, yaliyo nyuma kabisa, huja kati ya mwezi wa 23 na wa 33. Wapo watoto wanaotangulia na wapo wanaochelewa kwa miezi kadhaa, na hilo peke yake si ugonjwa.

Jino la mbele lina makali membamba na hupenya ufizi kwa mstari mmoja. Gego lina uso mpana wenye vilele, na kila kilele hupenya kwa wakati wake. Ndiyo maana mama huona nukta moja nyeupe leo, na baada ya siku mbili nyingine kando yake, huku ufizi wa katikati ungali umefunika. Katika siku hizo mtoto hutokwa na udenda, hutia vidole kinywani hadi nyuma, huuma kila anachokishika, husugua shavu au sikio la upande ule, hula kwa kuchagua na huamka usiku akilia. Ufizi huvimba na kuwa mwekundu. Wakati mwingine hutokea uvimbe mdogo wenye rangi ya samawati palepale jino linapotaka kutokea. Hutisha kuutazama, lakini mara nyingi ni maji na damu kidogo vilivyokusanyika juu ya jino, na jino likipenya hupasuka wenyewe. Asiuchome mtu kwa sindano.

Joto la mwili laweza kupanda kidogo. Kidogo ni kidogo: likifika nyuzi 38 au kuzidi, hiyo ni homa, na gego haliwezi kuwa maelezo yake. Kuharisha mara tatu au zaidi kwa siku si kazi ya gego. Kutapika si kazi ya gego. Vipele mwili mzima, kikohozi, kupumua kwa haraka, macho kuingia ndani, usaha sikioni, degedege, kulegea na kushindwa kunyonya, vyote hivi vina sababu nyingine, na sababu hiyo inatafutwa kwenye kituo cha afya, siku hiyo hiyo.

Mbona basi vinakuja pamoja?

Mzazi mwenye uzoefu atauliza swali la haki: mbona wanangu wote waliharisha walipokuwa wakiota meno? Hakukosea kuona. Alichokosea ni kufunga hesabu.

Meno huanza kutoka karibu na mwezi wa sita na huendelea hadi mtoto anapokaribia miaka mitatu. Hapana wiki katika kipindi hicho ambayo hakuna jino lililo njiani au lililotoka punde. Kipindi hicho hicho, kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama yake inapungua. Ameanza kula vyakula ambavyo vimepita mikononi mwa watu na kukaa kwenye vyombo. Ameanza kutambaa, kisha kutembea, na kila kilichopo sakafuni anakionja: kandambili, mchanga, mfuniko wa chupa. Kwa kuwa ufizi unamuwasha, anatia vitu hivyo kinywani zaidi ya kawaida. Kuharisha kunatoka kwenye uchafu huo, wala hakutoki kwenye jino. Mvua nazo zinanyesha, mbu wanazaliana, na malaria haimngoji mtoto amalize kuota meno. Mambo mawili yanayofuatana wakati mmoja si lazima moja liwe limezaa jingine.

Katika msikiti wetu, kama ilivyo katika misikiti mingi, baada ya swala ya Maghrib huja wazazi na watoto wagonjwa ili wasomewe. Kisomo ni haki, na Qur'an ni ponyo. Katika hilo hatuna shaka. Imamu wetu ameweka utaratibu ambao ningependa uenee. Kabla ya kusoma huweka mkono juu ya paji la uso la mtoto, na akikuta joto huuliza, "Amepimwa?" Jibu likiwa, "Bado, Sheikh, ni meno tu," humsomea kwa ufupi, kisha humtaka baba aende zahanati kabla ya kurudi nyumbani, na kesho amletee majibu. Wapo waliorudi na majibu ya malaria. Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni, na majibu hupatikana kwa muda wa dakika 20 hivi, pungufu ya muda tunaokaa tukisubiri Ishaa.

Kwa mtoto anayeharisha, tiba inayookoa maisha ni nyepesi na inajulikana: maji ya chumvichumvi ya ORS yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama tabibu atakavyoelekeza, huku akiendelea kunyonya na kula. Mtoto mdogo hukaukiwa na maji haraka. Saa 24 za kusubiri "jino litoke" zinaweza kuwa nyingi mno kwake.

Kosa hili la kulisingizia jino lina sura moja mbaya kuliko zote, nayo ni ile ya "meno ya plastiki", wengine wakiyaita "meno ya nailoni". Mtoto wa miezi michache tu akipata homa na kuharisha, wazazi huambiwa kuwa ndani ya ufizi wake mna meno mabovu, na kwamba yasipotolewa atakufa. Hupelekwa kwa fundi, naye hupasua ufizi kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, na kuchokoa kitu cheupe, laini, mfano wa funza. Kitu hicho si plastiki. Ni chipukizi la chonge, jino lile lile alilojaaliwa mtoto na Mola wake, ambalo halijakomaa likawa gumu. Kila mtoto analo, mzima na mgonjwa. Mtoto huyo hutokwa na damu, huingiwa na vijidudu, na huenda akapata pepopunda au virusi vya Ukimwi kupitia chombo kilichotumika kwa mwenzake. Na ile homa iliyompeleka pale imebaki vile vile bila tiba. Akinusurika, chonge zake huenda zisiote, na hata meno ya ukubwani yaliyo chini yake yakaota yameharibika. Desturi hii ipo Tanzania, na ipo kwa majirani zetu wa Uganda na Kenya, hadi Ethiopia na Sudan.

Wanaoitetea husema, "Wangu alitolewa, akapona." Kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache, jino litolewe lisitolewe. Waliopona huhadithiwa vikaoni. Waliokufa husemwa kuwa walichelewa kupelekwa kwa fundi.

Imepokewa katika Sunan za Abu Dawud, an-Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) amembebesha dhima mtu anayetibu watu hali ya kuwa hajulikani kuwa na elimu ya tiba. Madhara yatakayotokea yako juu yake. Sioni namna ya kumtoa fundi wa meno ya plastiki katika hukumu hiyo, na sioni raha gani anaipata mzazi anayejua haya kisha akamkabidhi mwanawe.

Kumliwaza mtoto nyumbani

Sasa tumchukue mtoto ambaye kweli ni gego tu: hana homa, haharishi, anacheza kwa vipindi, lakini ufizi umevimba na usiku hapati usingizi. Msaada wake ni mdogo na uko karibu.

Baridi ndiyo nafuu ya kwanza. Chukua kitambaa safi cha pamba, kilowe maji safi yaliyochemshwa, kikamue, kipoe kwenye friji au pembeni ya mtungi, kisha mpe atafune chini ya macho yako. Kijiko cha chuma kilichopoa nacho kinafaa. Kisiwe kimeganda barafu, kwa maana barafu huumiza ufizi. Kidole chako kilichooshwa kwa sabuni, ukikipitisha taratibu juu ya ufizi kwa dakika moja au mbili, humtuliza mtoto ajabu. Tahadhari tu na meno ambayo yameshatoka.

Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: mtori, wali wa mashendea, papai lililoiva, ndizi iliyopondwa, mtindi uliopoa. Msimpe kipande cha karoti mbichi au cha muhogo mkavu eti atafune kilainishe ufizi. Akikimega kwa meno ya mbele, hana magego ya kukisaga, na kipande hicho huenda kikamkaba. Udenda ufutwe mara kwa mara, na kidevu kipakwe mafuta ya kawaida ili ngozi isichubuke.

Akizidiwa na maumivu, parasetamo ya maji inaruhusiwa, kwa kipimo cha uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 hupata kati ya miligramu 100 na 150 kwa mara moja. Dawa nyingi huwa na miligramu 120 katika mililita 5, lakini zipo zenye nguvu zaidi, kwa hiyo soma chupa, tumia kipimo kilichokuja na dawa na si kijiko cha jikoni, ngoja saa 6 kabla ya kurudia, na usizidishe mara 4 kwa siku. Asipewe aspirini, haifai kwa watoto. Na dawa hii ikiwa inahitajika siku ya tatu mfululizo, basi huenda si gego, na mtoto aonwe na tabibu.

Yapo mambo ambayo tumeyazoea na yanahitaji kuachwa. Ile jeli ya kutia ganzi inayouzwa kwa ajili ya fizi, ikiwa ina benzokaini, haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Huweza kuifanya damu ishindwe kubeba hewa ya oksijeni, mtoto akageuka rangi midomoni. Mafuta ya karafuu, ambayo watu wa visiwani na mwambao tumeyarithi kwa maumivu ya jino la mtu mzima, ni makali mno kwa ufizi wa mtoto, na akiyameza ni sumu.

Asali inahitaji maneno zaidi. Kuwa ndani yake mna ponyo ni jambo lililotajwa katika Sura an-Nahl, na hakuna Muislamu anayelipinga. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali, hata ya kupaka. Asali huweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mkubwa hukishinda na tumbo la mchanga halikiwezi, kikazalisha sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Atakayeuliza kuhusu tahniki ajibiwe kuwa sunna iliyothibiti humo ni tende iliyolainishwa na kugusishwa kwenye kaakaa. Aliyetimiza mwaka asali haimdhuru kwa njia hiyo, lakini kulipaka gego asali kila usiku kisha mtoto akalala ni kuliozesha kabla halijamaliza kutoka. Hukumu ni hiyo hiyo kwa chupa ya chai ya sukari au juisi anayolala nayo kinywani.

Ama shanga na kamba zinazofungwa shingoni ili meno yatoke kwa wepesi, mas-ala ya hirizi yana marefu yake kwa wanazuoni na hapa si mahali pake. Ninachosema ni kwamba kamba shingoni mwa mtoto aliyelala yaweza kumnyonga, na shanga iliyokatika yaweza kumkaba, iwe imefungwa na nani na kwa nia gani. Na kuitakidi kwamba shanga yenyewe ndiyo inayotoa jino, hilo halina marefu.

Mzazi anayetaka kumsomea mwanawe ashike mafundisho aliyopewa swahaba Uthman bin Abil-Aas (r.a.) alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) maumivu ya mwili: kuweka mkono panapouma, kutaja jina la Allah mara tatu, na kujikinga Kwake mara saba. Imepokewa na Muslim. Mkono wa mama juu ya shavu la mtoto, na sauti yake ya chini gizani, ni utulivu kabla hata ya kutaja dawa nyingine.

Kunyonya, usiku, na zamu ya baba

Magego ya kwanza hutoka mtoto akiwa bado ananyonya, na ya pili huanza kujongea pale miaka miwili iliyotajwa katika Sura al-Baqara inapokamilika. Hapo akina mama wengi hukatisha kunyonyesha kwa ghafla kwa sababu wameumwa. Kabla ya kumpa titi, mpe kitambaa baridi atafune kwanza ili ufizi upoe. Akibana meno, usivute kwa nguvu. Ingiza kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa kinywa chake aachie, mwambie "hapana" kwa upole, na usubiri kidogo kabla ya kumrudishia. Watoto wengi hujifunza kwa siku chache. Anayekataa titi kwa siku moja au mbili kwa sababu ya ufizi hajaacha kunyonya. Akamuliwe maziwa kwenye kikombe, atarudi.

Aya hiyo hiyo imeweka jambo la kumwachisha mtoto katika kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Nimeona akina baba wanaoikumbuka aya hii wakati wa kutoa amri ya kuachisha, na kuisahau saa nane za usiku mtoto anapolia. Kushauriana kunataka mtu aliyekuwa macho. Usiku wa gego ugawanywe: mama anyonyeshe na alale, baba ambebe mtoto, atembee naye ukumbini, ampoze ufizi. Si udhalili. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alimbeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, akiwa ndani ya swala, akimweka chini anaposujudu na kumnyanyua anaposimama.

Na kwa kuwa nimeutaja msikiti: Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika swala na nia ya kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kumwonea huruma mama. Katika safu zetu hutokea mtu ambaye akisikia kilio hicho hugeuka baada ya salamu na kumkazia macho mwenye mtoto. Kamati nyingi zimepokea malalamiko ya watu hao. Majibu yake yamo ndani ya Hadith.

Gego la miaka sita

Nimelichelewesha jambo hili ingawa kwa maoni yangu ndilo linalopoteza meno mengi zaidi ya watoto wetu, kwa kuwa halina kilio kikubwa.

Mtoto anapofika miaka sita au saba, meno ya mbele huanza kung'oka, na nyumba nzima hushangilia pengo. Wakati huo huo, nyuma kabisa ya magego ya utoto, yanatoka magego mengine manne, mawili juu na mawili chini. Hayasukumi jino lolote, hakuna kinachong'oka, hakuna anayeona. Haya si meno ya utoto. Ni meno ya ukubwani, yaliyoanza kujengwa ndani ya taya karibu na siku aliyozaliwa, na yakiharibika hakuna mengine nyuma yake. Mzazi asiyejua huona tundu jeusi, akasema, "Yataota mengine." Hayataota.

Yanapotoka, maumivu huwa ya chini kwa chini: mtoto anatafuna upande mmoja, anashika taya, analalamika sikio lisilo na tatizo, anaacha nyama na mhindi wa kuchoma. Mara nyingi kipande cha ufizi hubaki kimefunika sehemu ya nyuma ya gego, chakula kikaingia chini yake, pakavimba na kunuka. Asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi, maadamu anaweza kutema bila kumeza. Apige mswaki hapo kwa kuingiza brashi kutoka pembe ya mdomo, kwa kuwa gego linalochipua liko chini ya usawa wa mengine na brashi iliyonyooka hulipita juu. Shavu likivimba, akapata homa au akashindwa kufungua kinywa, aende hospitali.

Umri huu ndio ambao tumeamrishwa kuwaelekeza watoto swala. Mtoto anajifunza udhu, na katika udhu mna kusukutua. Baba au mwalimu anayemfundisha kusukutua yuko mbele ya kinywa kilicho wazi. Amwambie anyanyue kichwa, atazame nyuma kwa tochi ya simu mara moja kwa mwezi. Neno letu "mswaki" lenyewe limetokana na "miswak" ya Kiarabu, na Mtume (s.a.w.) aliupenda kiasi cha kusema kuwa lau si kuchelea kuutaabisha umma wake angeliuamrisha kwa kila swala. Mtoto anayeanza swala na brashi laini au mswaki wa mti uliotafunwa ukalainika, chini ya uangalizi, anaanza vyema.

Walimu wa madrasa nao wana lao. Herufi ya dhaad, wanazuoni wa tajwidi wamesema, hutoka ubavuni mwa ulimi unapogusana na magego ya juu. Mtoto ambaye ufizi wake umevimba pale ataukwepesha ulimi, na dhaad yake itakuwa kitu kingine. Simaanishi kwamba kila anayeshindwa na dhaad ana jino. Wengi wetu tumeshindwa nayo tukiwa na meno yote. Nasema tu kwamba mtoto aliyekuwa akisoma vizuri wiki iliyopita, na leo ameshika shavu na kusoma kwa kunong'ona, aulizwe kinywa chake kabla hajanyanyuliwa fimbo. Na kamati za madrasa zitazame kinachouzwa langoni saa ya mapumziko. Pipi, kashata na ubuyu wa rangi huganda katika mifereji ya gego jipya na kukaa humo hadi jioni. Sisemi vipigwe marufuku, bali ndoo ya maji safi ya kusukutua ikae karibu na meza ya muuzaji.

Hospitalini mzazi huulizwa, au hujichagulia, kati ya kuziba na kung'oa. Kung'oa ni rahisi na kunamaliza maumivu siku hiyo, na gego halionekani mtu akitabasamu, kwa hiyo wengi huchagua kung'oa. Katika fiqhi ya diya, fidia ya jino moja ni ngamia watano, na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba jino la mbele na gego ni sawasawa. Ikiwa sharia haikulipunguzia gego thamani kwa kuwa limejificha, mzazi naye amwulize tabibu mara mbili kama haliwezi kuzibwa. Aulize pia kuhusu kuifunika mifereji ya gego lililo zima kwa dawa maalumu ili lisioze. Ni kazi ya dakika chache isiyo na sindano, na wakati wake ni mara tu gego linapomaliza kutoka.

Dawa ya meno iwe na floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na kiasi cha punje ya njegere kwa aliye kati ya miaka mitatu na sita, asubuhi na kabla ya kulala. Walio katika sehemu za Arusha, Manyara na Kilimanjaro, ambako maji ya baadhi ya maeneo yana floraidi nyingi kiasi cha kuyatia meno rangi ya kahawia, wamwulize kwanza tabibu wa meno wa huko.

Gego la pili la ukubwani huja karibu na miaka 12, nalo hutoka kimya kimya kama la miaka sita, na matunzo yake ni yale yale. Kwa umri huo mtoto hatakubali kufunguliwa kinywa na mama yake. Mpe tochi na kioo, umwonyeshe pa kutazama.